Hivi mikanda ya karate ina maana gani hasa? Binti yangu ana miaka 9, anaambiwa afanye mtihani wa mkanda mweusi

Baba Nasra #1
Wakuu salaam. Mambo ya ngumi na mateke siyajui, naomba kueleweshwa.

Binti yangu alianza karate akiwa na miaka 6, Jumamosi na Jumapili, ukumbi uko jirani na kwetu huku Tabata. Juzi karudi na karatasi: mwezi ujao kuna "mtihani wa mkanda mweusi", ada laki na ishirini, mkanda wenyewe unanunua pembeni. Mimi nimekua nikijua mtu wa mkanda mweusi ukikutana naye gizani unabadili njia. Huyu wangu bado analala taa ikiwaka, na wiki iliyopita jogoo wa jirani kamkimbiza mpaka ndani.

Naomba kujua: hizi rangi zina maana gani? Nani alizianzisha? Na mkanda mweusi wa mtoto wa miaka 9 ni mkanda kweli au napigwa?

Kidagaa #2
Unapigwa. Swali lijalo.

Nyundo ya Ngamiani #3
Karibu mkuu. Sisi tulifundishwa hivi Tanga, miaka ya tisini. Zamani huko Japani mwanafunzi alipewa mkanda mmoja tu, mweupe, na marufuku kuufua. Jasho, vumbi, damu ya pua, vyote vinabaki humo. Mkanda unaanza kuwa wa njano, unakuja kijani ukiburuzwa kwenye majani, kahawia kwa udongo, mwisho mweusi. Kwa hiyo rangi ni miaka uliyoteseka. Ndiyo maana mpaka leo mkanda haufuliwi. Ukiufua umeosha ujuzi.

Mama Ushungi #4
Haufuliwi miaka mingapi? Na huyo mtu ana mke?

Fundi Cherehani #5
Nyundo, hiyo ni chai na haina hata sukari. Mimi nashona Kariakoo, sare za shule, kanzu, na hizo nguo za karate nimeshashona nyingi. Pamba nyeupe usipoifua inakwenda rangi ya uji wa ulezi, halafu kijivu cha kuchafuka. Haipitii kijani. Ukiona kijani hiyo ni kuvu, tupa mkanda na mwenye mkanda apelekwe hospitali.

Mkanda ulivyo: ndani tabaka za pamba nyeupe ngumu, juu unavikwa kitambaa cha rangi, pamba au satini, kisha unapitishwa cherehani mistari 8 au 10 kwa urefu wote. Hiyo mistari ndiyo inaufanya uwe mgumu kama kigoda. Sasa, mweusi ukivaliwa sana unaelekea kinyume na hadithi yako. Niliwahi kuletewa na mwalimu mmoja mtu mzima. Pale kwenye fundo satini imekwisha kabisa, uzi mweupe umechungulia, ncha zimefumuka mpaka zinafanana na mkia wa mbuzi. Nikamwambia mzee niuvike kitambaa kipya. Akaukwapua mkononi mwangu kama nataka kumwibia. Alikuja kuuliza kama naweza kuurefusha kidogo, kitambi kimeongezeka.

Kidagaa #6
😂😂 Kitambi dan ya tano

Mzee wa Tatami #7
Nimecheza judo miaka 30 na ushee, ngoja niweke mambo kwa mpangilio maana naona tunaelekea porini.

Mikanda haikuanzia kwenye karate. Ilianzia kwenye judo. Jigoro Kano, mwalimu wa shule kwa taaluma yake, alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, mwaka 1882 kwenye hekalu la Eishoji pale Tokyo, wanafunzi wanahesabika kwa vidole. Kabla yake shule za jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, zilikuwa zinatoa hati: umefikia hapa, umepewa siri hii, na kati ya hati na hati unaweza ukakaa miaka mingi hujui uko wapi. Kano akaona vijana wanakata tamaa. Akachukua neno dan, yaani daraja, kutoka kwenye mchezo wa bao wa Kijapani, go, ambako wachezaji walikuwa wanapangwa kwa dan tangu karne ya 17. Mwaka 1883 akawapa wanafunzi wawili dan ya kwanza, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro.

Hapo sasa sikilizeni. Walipewa dan, hawakupewa mkanda. Kitambaa cheusi kiunoni kilikuja miaka michache baadaye, ili ukiingia jamvini ujue nani mwenye dan na nani hana, basi. Rangi zilikuwa mbili tu, aliye nacho na asiye nacho. Na Kano mwenyewe hakuwa na dan. Nani angempa?

Na dan ya kwanza inaitwa shodan. Hilo "sho" ni mwanzo. Si "moja" ya kuhesabia, ni mwanzo.

Kidagaa #8
Yaani mkanda mweusi ni darasa la kwanza?

Mzee wa Tatami #9
Ni mtu aliyemaliza a e i o u. Sasa anaweza kuanza kusoma.

Baba Nasra #10
Asante sana Mzee. Ila laki na ishirini kwa a e i o u…

Dada wa Mwembe Tayari #11
Nipo Mombasa, nilifanya judo nikiwa skuli. Mzee wa Tatami yuko sawa hapo kwa mweusi na mweupe, lakini hajajibu swali la ndugu yetu: hizi njano, chungwa, kijani zatoka wapi? Hizo hazikutoka Japani. Ni Mikonosuke Kawaishi, Mjapani aliyehamia Paris mwaka 1935. Akaona Wazungu hawana subira, mtu mwaka mzima ana mkanda ule ule mweupe, aenda zake. Akawagawia rangi, kila baada ya miezi kadhaa mtu ana kitu cha kuonyesha nyumbani. Wanafunzi wakajaa. Basi maana ya njano ni "usiondoke, bado kidogo".

Jicho la Mwewe #12
Dada umekaribia ila Kawaishi hakuwa wa kwanza. London kuna klabu inaitwa Budokwai, ilifunguliwa na Gunji Koizumi mwaka 1918. Hawa walikuwa wanatumia mikanda ya rangi tangu miaka ya 1920, Kawaishi hajakanyaga Paris. Yeye alipita Uingereza kabla ya Ufaransa, mwenye akili ajaze mwenyewe. Alichofanya ni kuusambaza mpangilio.

Dada wa Mwembe Tayari #13
Sawa, nimekubali London. Lakini biashara ni ile ile.

Mwana wa Bukavu #14
Jambo wote. Huku kwetu Congo tulipata judo kupitia Wabelgiji na Wafaransa, na hiyo ya Kawaishi tuliipata yote mpaka na nusu zake. Mimi nilikuwa na mkanda nusu mweupe nusu njano, halafu nusu njano nusu chungwa, na kila nusu ni mtihani na kila mtihani ni pesa. Baba alimuuliza mwalimu: na huu nusu, nalipa nusu? Mwalimu hakucheka.

Shaba ya Mtaa #15
Mimi mkanda ninaoujua ni wa video. Tulikuwa tunakodi mikanda ya Wachina kwa mia mbili, tunarudi nyumbani tunavunjana meno.

Mama Ushungi #16
Na mimi ninaoujua ni mkanda wa jeshi, ulimshika mume wangu ubavuni mwaka juzi. Huo hata ukiwa na dan unalia.

Kidagaa #17
Umesahau wa ubingwa wa ngumi. Huo angalau unaupata mpinzani akiwa amelala chini, hakuna laki na ishirini.

Teke la Nyuma #18
Turudi kwenye mada. Baba Nasra, rangi zina maana na imeandikwa, watu wanabisha tu. Mimi nimesoma taekwondo, mateke ya Kikorea, ya ITF, ile ya Jenerali Choi Hong Hi, shirikisho lake lilianza 1966. Mweupe ni mtu asiyejua kitu, hana hatia. Njano ni ardhi, mbegu inashika mizizi. Kijani ni mmea unatoka. Bluu ni mbingu, mti unaelekea juu. Mwekundu ni hatari: unamwonya mwenyewe ajizuie, na unamwonya mpinzani akae mbali. Mweusi ni kinyume cha mweupe, mtu amekomaa, na haogopi giza.

Tulikuwa tunakariri hayo kwa sauti kwenye mtihani. Ukikosea mstari unapiga pushapu 50.

Baba Nasra #19
Hapo kwenye "haogopi giza" wangu ameshafeli.

Jicho la Mwewe #20
Teke, hiyo ni ya kwenu ITF na ni nzuri. Tatizo watu wanaihamishia kwenye kila kitu. Nenda Kyokushin, karate ya Mas Oyama. Kule baada ya mweupe inakuja chungwa, halafu BLUU, halafu njano, halafu kijani, halafu kahawia. Sasa huo mmea wako umeanzia mbinguni, ukashuka ardhini, ndipo ukaota. Mbegu imedondoshwa na ndege?

Teke la Nyuma #21
Kyokushin watajijua wenyewe.

Sungura Mjanja wa Moro #22
Mimi nina maelezo tofauti na hamuwezi kunitoa. Ni umaskini. Baada ya vita kuu ya pili watu hawana hela ya kununua mkanda mpya kila mtihani, unachukua ule ule unauchovya kwenye rangi nzito zaidi. Mweupe ukiingia njano, njano ikiingia chungwa, chungwa ikiingia kijani, na kuendelea mpaka mweusi. Angalieni mpangilio, kila rangi inafunika iliyotangulia. Huwezi kurudi kutoka kahawia kuja njano.

Na nina ushahidi wa mwili. Niko kidato cha pili Morogoro, nimefaulu mkanda wa kahawia, hela ya mkanda hamna. Mama akachemsha maji kwenye sufuria ya kupikia maharage, akatia pakiti mbili za rangi ya nguo na chumvi, tukautumbukiza mkanda wa kijani tukaukoroga kwa mwiko. Ukatoka na rangi ambayo mpaka leo sina jina lake. Tope la mpunga, labda. Nikaona haufai, nikachukua kiwi ya viatu, kahawia, nikaupaka mkanda mzima kwa brashi nikaung'arisha. Jumamosi nikaingia dojo, ukumbi wa mazoezi, nang'aa. Dakika ya kumi ya kumite, pambano la mazoezi, jasho limeshuka, kiwi imeyeyuka, nguo yote nyeupe kuanzia kiunoni mpaka magotini ni kahawia. Mnajua wenyewe ilivyoonekana. Mpinzani wangu akasimama, akamwita sensei, yaani mwalimu, akamwambia huyu anaumwa tumbo.

Mama Ushungi #23
😂😂😂 nimemwaga chai kwenye simu

Kidagaa #24
Uzi ungefungwa hapa hapa

Mzee wa Tatami #25
Sungura, kiwi nimekuamini. Nadharia ya kuchovya nimeisikia sana, ina mantiki kwa macho, lakini mikanda ya rangi ilikuwepo London miaka ya 1920 kama Jicho alivyosema hapo #12. Kabla ya hiyo vita yako.

Sungura Mjanja wa Moro #26
Kwani kabla ya vita hakukuwa na maskini?

Mwalimu Historia #27
Mnapita juu juu. Wajapani walikuwa wanapanga watu kwa rangi kabla hata judo haijafikiriwa. Mwaka 603 Prince Shotoku aliweka vyeo 12 vya kofia kwa maofisa wa ikulu. Cheo chako kinajulikana kwa rangi ya kofia. Mimi naona mzizi uko pale, Kano alikuwa msomi, aliyajua hayo.

Jicho la Mwewe #28
Mwalimu, malizia basi rangi zenyewe. Juu kabisa zambarau, halafu bluu, nyekundu, njano, nyeupe, na ya MWISHO nyeusi. Mwenye kofia nyeusi pale ndiye wa chini kuliko wote. Kama Kano aliiga hapo basi aliigeuza juu chini.

Mwalimu Historia #29
Nimesema mzizi, sijasema ameiga.

Jicho la Mwewe #30
Haya mzizi.

Muuza Samaki Feri #31
Mimi nilisikia kwamba ilitoka kwa waogeleaji wa shule za Japani, walikuwa wanafungwa utepe mweusi wakiiva. Kano alikuwa mwalimu mkuu, aliwaona. Nimesikia tu, msinipige.

Mzee wa Tatami #32
Hata mimi nimeisikia, sijaona aliyeionyesha kwa maandishi ya wakati ule. Na yote haya tunabishana kwa sababu aliyeweka kitambaa cheusi alikuwa anatatua tatizo la siku ile. Hakuwa anaandika shairi.

Mzee wa Zanaki #33
Vijana shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Mimi ni wa zamani kidogo. Miaka ya 1970 hapa Dar kulikuwa na Mmarekani mweusi, Bomani, alifundisha Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, mtaa wa Zanaki, na watu wengi wa karate wa mji huu ukifuatilia mwalimu wa mwalimu wake unaishia pale. Nawaambia kitu kimoja kuhusu Goju-ryu. Mwanzilishi wake, Chojun Miyagi wa Okinawa, alifariki 1953 na hakuwahi kumpa mwanafunzi wake yeyote dan. Hata mmoja. Wanafunzi waliomtumikia miaka 20 walikuwa hawana cheo, na dan zao walizipata yeye akiwa kaburini. Aliyezileta dan kwenye karate ni Gichin Funakoshi, naye alikuwa ametoka Okinawa kwenda Tokyo 1922, akakutana na Kano, akaona utaratibu, na 1924 akawapa watu saba. Kabla ya hapo huko Okinawa watu walikuwa wanafanya mazoezi na nguo za ndani, mkanda ungeufunga wapi?

Sisi tulikaa kwenye mweupe muda mrefu mpaka tukasahau kwamba kuna rangi nyingine. Sensei hakutangaza mtihani. Siku moja anakuita, anakwambia Jumapili njoo mapema. Usiku huo hulali.

Nyundo ya Ngamiani #34
Shikamoo mzee. Na mkanda mlikuwa mnafua?

Mzee wa Zanaki #35
Marahaba. Tulikuwa tunafua kijana, kwa sabuni ya mche. Joto la Dar hili usifue utakaa na nani?

Chuma cha Toronto #36
Habari za huko nyumbani. Mimi niko Toronto, nina miaka 7 kwenye jiu-jitsu ya Brazil, mkanda wa zambarau. Hii ilitoka kwa Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kano aliyefika Brazil mwaka 1914. Kwetu rangi za watu wazima ni 5 tu: mweupe, bluu, zambarau, kahawia, mweusi. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la mchezo wetu, huwezi kuvaa bluu kabla ya miaka 16, na mweusi kabla ya 19. Mtoto ana rangi zake, kijivu, njano, chungwa, kijani. Kwa hiyo Baba Nasra, kwetu sisi jibu ni fupi: mkanda mweusi miaka 9 haupo.

Na ukiupata mweusi safari haijaisha. Miaka 31 ukiwa na mweusi ndipo unafikia ule wa nyekundu na nyeusi. Mwekundu mtupu, ambao ndio wa juu kabisa, ni miaka 48. Ukianza na 19 huna makosa hata moja unaupata na 67.

Mwana wa Bukavu #37
Hata judo, dan ya 9 na ya 10 ni mwekundu. Ya 6 mpaka ya 8 ni nyekundu na nyeupe kama nyoka.

Baba Nasra #38
Subirini kwanza. Mwekundu ndio mkubwa kuliko mweusi?? Nasra SASA HIVI ana mwekundu!

Kidagaa #39
Hongera, una bibi wa miaka 67 ndani. Mkatalie mtihani, anashushwa cheo.

Teke la Nyuma #40
Haiwezekani iwe karate. Baba Nasra niambie, ile nguo ya juu inafungwa kwa kupishanisha kama kanga au inavaliwa kwa kupitisha kichwani? Shingo ikoje?

Baba Nasra #41
Ngoja niangalie, imeanikwa nje. Inavaliwa kichwani. Shingo ya V. Mgongoni pana maandishi yamechujuka, naona TAEK halafu kuna kiraka.

Teke la Nyuma #42
Mkuu miaka mitatu unalipa ada ya taekwondo unasema karate 😂

Mama Ushungi #43
Maskini baba wa watu.

Baba Nasra #44
Kwani si ni mateke yote?

Teke la Nyuma #45
Si yote, ila hilo tutaligombania siku nyingine. Kwenye taekwondo mwekundu ndio unaotangulia mweusi, kwa hiyo Nasra yuko mahali pake. Na hapo kwenye umri kuna kitu kinaitwa poom. Kwa utaratibu wa Kukkiwon, yale makao makuu ya Seoul yaliyofunguliwa 1972, mtoto chini ya miaka 15 hapewi dan. Anapewa poom, na mkanda wake si mweusi mtupu, ni nusu nyekundu nusu nyeusi kwa urefu, na ukosi wa sare vile vile una rangi mbili. Akifikisha umri anageuza poom kuwa dan. Kwa hiyo muulize mwalimu swali moja tu: ni poom au ni dan, na cheti kinatoka wapi. Akianza kukohoa, rudi kwa Kidagaa #2.

Kidagaa #46
Nipo. Sijaondoka.

Pwani Huru #47
Mimi nawauliza wote: kwa nini lazima mkanda? Kendo, wale wa mapanga ya mianzi ya Kijapani, wana dan na hawana mkanda wa kuonyesha chochote, ukiwatazama mwenye dan ya 8 na ya 3 wamevaa sawa. Na dan ya 8 ya kendo lazima uwe na miaka 46 na uwe umekaa ya 7 miaka 10, halafu wanaofaulu ni kama mtu mmoja kwenye mia. Unaijua kwa kupigwa, si kwa kuangalia kiuno. Wachina na kung fu yao karne zote hawakuwa na mikanda, vyeo vya duan vya wushu serikali yao imeviweka 1998 tu. Hapa kwetu Lamu watu wanacheza kirumbizi kwa bakora, mzee anaingia uwanjani na kikoi, kijana mwenye akili anajua mwenyewe ashushe fimbo.

Dada wa Mwembe Tayari #48
Pwani Huru kikoi hicho hicho ndicho mkanda wake, wewe huoni tu.

Lakini mimi nina neno kuhusu huko juu kwenye vyeo. Mwamsema Kano kama mtakatifu, jee mwamjua Keiko Fukuda? Babu yake ndiye aliyemfundisha Kano jujutsu. Yeye akaingia Kodokan 1935. Alikwama dan ya 5 miaka na miaka kwa sababu ni mwanamke, mpaka 1972 ndipo wakampa ya 6. Dan ya 10 alipewa na Wamarekani mwaka 2011, ana miaka 98. Kodokan ilikuwa imeshawapa watu 15 hiyo dan, wote wanaume, yeye walimwachia ya 9. Na sisi wasichana skuli tulifungwa mkanda mweusi wenye mstari mweupe katikati, urefu mzima. Nikauliza mstari wa nini, nikaambiwa ni urembo.

Mzee wa Tatami #49
Hilo sina la kubisha, dada. Mstari ule ulikuwa aibu yetu.

Shaba ya Mtaa #50
Na hawa marais? Putin alipewa mkanda mweusi wa heshima wa taekwondo dan ya 9 mwaka 2013, wakaja kumnyang'anya Februari 2022 alipoivamia Ukraine. Trump naye Kukkiwon walimpa dan ya 9 mwaka 2021. Huyu kaupata kwa teke gani?

Mzee wa Tatami #51
Tuwe wa haki, Putin judo anaijua toka utotoni. Huo wa taekwondo ndio wa zawadi.

Kidagaa #52
Kwa hiyo kuna njia mbili, laki na ishirini au urais.

Muuza Samaki Feri #53
Mimi nimeuona mashindano ya karate kwenye Olimpiki ya Tokyo, kila mtu ana mkanda wa bluu au mwekundu tu. Hao ni wanafunzi?

Jicho la Mwewe #54
Hapana mkuu, pale ni mikanda ya kutofautisha pande, aka mwekundu na ao bluu. Wote ni mikanda myeusi wameiacha kwenye begi.

Baba Nasra #55
Wakuu nimerudi. Jana nilimfuata mwalimu. Nikamuuliza kama Teke alivyoniagiza, ni poom au dan. Akanitazama kwa mshangao, akafungua faili akanionyesha: ni poom, kwenye karatasi waliandika mkanda mweusi "ili wazazi waelewe". Cheti kinatoka Korea na humo kwenye laki na ishirini kimo. Sijui niamini yote, ila hakukohoa.

Nikarudi nikamkalisha Nasra. Nikamwambia mwanangu, huu mkanda mweusi unautakia nini? Nilitegemea aniambie nidhamu, mti, mbingu. Kasema mwekundu unachuja rangi, umemharibia suruali nyeupe mbili na mama yake anamgombeza kila Jumapili. Mweusi rafiki yake anao, hauchuji.

Fundi Cherehani #56
Mwambie mama yake aufue peke yake kwa maji baridi, asiuchanganye na nguo nyeupe. Na mkanda wa nusu nyekundu bado utachuja ile nusu.

Nyundo ya Ngamiani #57
Toka #3 nawaambia mkanda haufuliwi.